Skrini ndefu ya msikitini iliyojiita 1920 kwa 1080: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lamu

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya vijana wanaotengeneza kompyuta huku kwetu pwani, wale ambao mtu akiwaletea skrini ya umbo la ajabu wanaanza kuhangaika na programu za juu wakati shida iko chini kabisa, kwenye mazungumzo ya skrini na draiva, ile programu ya chini inayoendesha grafiki. Msikiti siutaji, mtaa siutaji, muuzaji wa skrini simtaji, na vitu vya kumtambulisha mtu nimeviondoa. Namba za kiufundi nimeziacha kama zilivyo maana bila namba hapa hakuna kisa.

## Mambo yalivyokuwa

Msikiti ni wa mji wa kale wa Lamu, kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya boriti za mikoko. Nyakati za swala zilikuwa zinaonyeshwa na saa za plastiki zenye mishale ya kusogeza kwa mkono, na muadhini, mtu mzima, kila baada ya siku chache anapanda ngazi kuzisogeza. Kamati ikataka kitu cha umeme. TV ya kawaida ikakataliwa, na sababu haikuwa bei, ilikuwa nafasi: kati ya kizingiti cha mlango na boriti hakuna zaidi ya futi moja, na upande wa kibla kuna nakshi na maandishi ya zamani ambayo hakuna mtu wa Lamu atakubali yazibwe. Kutoboa ukuta pia hapana. Kwa hiyo kitu kinatakiwa kiwe kirefu, chembamba, na kining'inie kwenye boriti.

Mjumbe mmoja akaipata Mombasa skrini ndefu ya inchi 28, pikseli 1920 kwa upana na 360 tu kwenda juu, zile zinazowekwa kwenye rafu za supamaketi kuonyesha bei. Ikaja na basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti, ikamalizia mgongoni kwa punda. Ilikuwa mwezi wa Mlisho, yaani Shaaban, zimebaki kama wiki tatu Ramadhani iingie, na kila mtu akataka iwe imeshawaka kabla ya tarawehe ya kwanza.

Kompyuta ilikuwa ndogo ya ofisi, kuukuu, grafiki za Intel, ina Linux, imekaa chumba cha stoo nyuma ya ukuta. Kutoka hapo mpaka kwenye skrini ni kebo ya HDMI ya mita 15. Ukurasa wa nyakati za swala ulifunguliwa kwenye brauza, umejaa skrini nzima, safu sita: Alfajiri, kuchomoza jua, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha, na chini yake mstari wa Kiarabu.

Sasa kabla ya kuendelea ni lazima mtu aelewe jambo moja, maana kisa chote kinazunguka hapo. Kompyuta haioni skrini. Kompyuta inaiuliza skrini, na skrini inajibu kwa kikaratasi kidogo cha baiti 128 kinachoitwa EDID, kipo tangu 1994, kimehifadhiwa kwenye chipu ndogo ndani ya skrini na kinasomwa kupitia nyaya mbili za peke yake ndani ya kebo, kwenye HDMI ni pini ya 15 na ya 16. Humo skrini inasema mimi ni nani, nimetengenezwa na nani, na modi, yaani vipimo vya picha na kasi yake, ninazozijua ni hizi na hizi, na ninayoipenda zaidi ni hii. Draiva inayaamini yale maneno. Modi ambayo haikutajwa humo na wala haimo kwenye mambo draiva inayoyajua yenyewe, basi kwa draiva haipo, hata kama kioo kimekatwa kwa umbo hilohilo.

## Kilichotokea

Siku ya kwanza niliitwa baada ya swala ya Isha, wameshaning'iniza, wameshawasha, na picha inatoka lakini imebanwa kama chapati. Herufi zote zimelala. Mistari ya Kiarabu ndiyo ilikuwa inaumiza zaidi, maana nukta ya nun na nukta mbili za ta zote zimekuwa kijistari kimoja, mzee msimamizi akasimama chini yake akaniuliza, "Mwanangu, hii hapa ni nun au ni ta?" Nikamwambia, "Maalim, kwa sasa skrini yenyewe haijui." Akasema basi izimwe, neno la Qurani halisomwi kwa kubahatisha. Ikazimwa usiku uleule, na mimi nilikubaliana naye kabisa.

Kesho yake nikaanza na lililo rahisi, kuangalia kompyuta inasema imeunganishwa na nini. Kwenye Linux kuna mafaili chini ya /sys/class/drm, kila tundu la skrini lina folda yake, na ndani mna faili la modi na faili la edid lenyewe. Nikakuta jambo la kushangaza: nikiwasha mara ya kwanza naona 1920 kwa 1080, nikizima nikawasha tena naona 1024 kwa 768, mara ya tatu inarudi ya kwanza. Kijana aliyekuwa ananisaidia akasema draiva ina wazimu. Haikuwa na wazimu. Linux ikiona kitu kimechomekwa lakini EDID haisomeki, inarudi kwenye modi za kubahatisha na kikomo chake ni 1024 kwa 768, kwa hiyo ile 768 maana yake ilikuwa moja tu: mara nyingine skrini inajibu na jibu halifiki. Kebo ya mita 15, tena konekta zake zimeshaanza kijani kwa hewa ya chumvi. Tukaibadilisha kebo, tukasogeza kompyuta karibu, ikabaki mita 5, na 768 hatukuiona tena.

Ikabaki shida ya pili, na hiyo ndiyo yenyewe. Skrini sasa inajibu kila mara, vizuri, kwa sauti safi, na jibu lake ni uongo. EDID yake ilisema modi inayoipenda ni 1920 kwa 1080, na orodha nzima ilikuwa ya TV ya kawaida. 360 haikutajwa popote. Nilivyosoma jina la mtengenezaji kwenye baiti ya 8 na ya 9, zile herufi tatu zinazopakiwa biti tano tano, nikakuta ni la kampuni nyingine kabisa inayotengeneza TV. Yaani aliyeunda ile bodi ya kontrola, inayopokea picha na kuipeleka kwenye kioo, alichukua EDID ya TV ya watu akaibandika kama ilivyo, akatia kontrola ya kupokea mistari 1080 na kuibana mpaka 360. Kwa mwenye duka la kuonyesha video za matangazo huenda isimsumbue. Kwa maandishi ni balaa.

Kijana alikuwa ameshajaribu dawa ambayo intaneti nzima inaipendekeza, neno nomodeset kwenye mstari wa buti, yaani maagizo Linux inayopewa inapoanza kuwaka. Ikawa mbaya zaidi na ni vizuri kueleza kwa nini, maana hii dawa inapewa watu kama panadol. Nomodeset inaiambia kerneli, kiini cha Linux, isiguse modi kabisa, ikae na fremubafa ileile, eneo la kumbukumbu linaloshika picha, iliyoachwa na fimweya, programu iliyo ndani ya bodi mama yenyewe. Kwenye mashine za UEFI, yaani zenye fimweya ya aina mpya, fimweya inachagua modi mara moja kabla ya kuikabidhi kompyuta kwa mfumo, na mfumo ukishashika usukani huduma ile ya kubadilisha modi haiitwi tena. Kwa hiyo umejifunga na modi ya fimweya, na yetu ilikuwa 1024 kwa 768. Umetaka modi isiyo ya kawaida, umemfukuza fundi pekee anayeweza kuitengeneza.

Jaribio la pili lilikuwa langu: kwenye ukurasa wenyewe nikazivuta herufi ziwe ndefu mara tatu, ili kontrola ikizibana zirudi kwenye umbo lake. Hii ilikaribia. Herufi zilisimama, nukta zikaonekana. Lakini kontrola ilikuwa inaichukulia picha ya 1080 kama ya TV na kukata ukingo kila upande, kwa hiyo ule mbano si moja kwa tatu kamili, ni moja kwa mbili na nukta fulani, mistari mingine inaishi mingine inakufa, maandishi yana ukungu, na tarakimu ya mwisho ya Isha imekatwa nusu. Juu ya hayo kompyuta kuukuu inachora mistari 1080 ili mingi itupwe.

Jaribio la tatu ni lile linaloanza kugusa shida yenyewe. Programu ya xrandr inaruhusu kumpa draiva modi mpya kwa mkono. Lakini modi si upana na urefu tu, na hapa ndipo wengi wanakwama. Kila mstari ukishachorwa kuna mapumziko kabla ya mstari unaofuata, na kila picha ikiisha kuna mapumziko kabla ya picha inayofuata, na ndani ya mapumziko hayo kuna ishara ya kuisawazisha skrini. Ukizidisha jumla ya upana pamoja na mapumziko yake, kwa jumla ya urefu pamoja na mapumziko yake, kwa idadi ya picha kwa sekunde, unapata kasi ya pikseli. Ile 1920 kwa 1080 ya picha 60 kila mtu anayoitumia, jumla zake ni 2200 na 1125, na kasi yake ni megahezi 148.5.

Nilitumia kwanza programu ya cvt ipige hesabu ya 1920 kwa 360. Ikanipa mapumziko marefu, yale yaliyokuwa yanahitajika na TV za zamani zenye kisogo ambapo mwale ulilazimika kurudi mwanzo wa mstari, na skrini ikawa nyeusi, ikaandika ishara haikubaliki. Tukampigia muuzaji Mombasa atutafutie karatasi ya vipimo vya paneli, yaani kioo chenyewe. Ilichukua siku nne, na kwa kweli alijitahidi, na karatasi ilipokuja ilikuwa na mipaka ya jumla zinazokubalika. Nikapanga mapumziko mafupi: upana 1920 na mapumziko 160, jumla 2080, urefu 360 na mapumziko 20, jumla 380. Mara 60 inakuja megahezi 47.42. Nikaiingiza. Skrini ikatulia, picha ikakaa pikseli kwa pikseli, na Maalim akasoma ule mstari wa Kiarabu wote kwa sauti bila kusita hata mahali pamoja. Sikuwahi kufurahia mstari mmoja wa namba kama ule.

Furaha ilikaa siku mbili. Umeme ukakatika, ukarudi, picha ikarudi chapati. Nikaandika skripti ya kuirudisha modi kila kompyuta ikiwaka. Ikafanya kazi, halafu muadhini akazima skrini kwa rimoti baada ya Isha na kuiwasha alfajiri, na mfumo ukaona kama skrini mpya imechomekwa, ukauliza upya, ukaambiwa uongo uleule, ukarudi 1080. Njia ya mwongo ni fupi wanasema wazee, lakini hapa ilikuwa sisi tunaokata pumzi tukimfuata nyuma.

## Tulivyoamua, na kwa nini

Tulikaa chini barazani, mimi, kijana na mjumbe wa kamati, na tukaziweka njia nne mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuongeza skripti juu ya skripti, kitu kinachoangalia kila sekunde kama modi imebadilika na kuirudisha. Niliikataa maana msikitini hakuna fundi anayelala, na skripti mbili zikigombana usiku wa Ramadhani nani ataamshwa.

Ya pili, kurekebisha kwenye kerneli yenyewe. Draiva za Linux zina orodha ya skrini zinazojulikana kuwa na matatizo, na kila moja imewekewa kinga yake kwa kutumia jina la mtengenezaji na namba ya bidhaa. Hii ndiyo njia ya heshima kwa skrini yenye kasoro ya kweli, kila mtu duniani anafaidika. Lakini yetu ilikuwa imevaa kitambulisho cha TV ya watu. Ukisema kerneli ikiona kitambulisho hiki iitendee kama skrini ya mistari 360, unamharibia mwenye TV halali aliyekaa zake Nairobi au Berlin. Nilitamani sana kuchangia kitu kwenye kerneli, nakiri wazi, lakini kwa bodi hii ingekuwa dhuluma.

Ya tatu, kuandika EDID sahihi moja kwa moja kwenye chipu ya skrini. Hii ingemaliza uongo kabisa, skrini ingesema kweli kwa kompyuta yoyote. Kijana alikuwa tayari na amri. Nikamzuia kwa sababu moja: chipu ya EDID inakaa kwenye anwani ya heksi 50, yaani 50 ya hesabu ya kumi na sita, na vichipu vinavyobeba maelezo ya RAM kwenye bodi mama navyo vinaanzia anwani hiyohiyo 50, ila kwenye basi nyingine, yaani njia nyingine ya nyaya. Ukikosea namba ya basi unaandika maelezo ya skrini juu ya maelezo ya RAM, na kompyuta huenda isiwake tena. Sikuwa na kompyuta ya akiba, na muda ulikuwa siku tisa.

Ya nne, tukaichukua: kumpa kerneli faili la EDID tulilolisahihisha wenyewe na kumwambia, kwenye tundu hili usisikilize skrini, sikiliza faili hili. Ni neno drm.edid_firmware kwenye mstari wa buti, likifuatiwa na jina la tundu na jina la faili. Niliipenda kwa sababu inasahihisha ushahidi wenyewe, haisahihishi picha baada ya picha kuharibika. Kerneli ikishaamini 360, desktopu inaamini, brauza inaamini, hata maandishi ya buti yanakaa sawa, na skrini ikizimwa na kuwashwa jibu ni lilelile.

Kulitengeneza faili kulikuwa na kazi yake. EDID ina vipande vinne vya baiti 18 vinavyoanzia baiti ya 54, na kipande cha kwanza ndicho modi inayopendwa. Kuna njia fupi pia ya kutaja modi kwa baiti mbili, lakini ile inaweza kusema upana unaogawanyika kwa 8 tu na uwiano wa aina nne tu, na skrini yetu ni 16 kwa 3, haimo. Kwa hiyo ni lazima kipande kirefu. Kasi inaandikwa kwa hatua za kilohezi 10, yetu ni 4742, kwa heksi 1286, na inaandikwa kinyumenyume, 86 kwanza halafu 12. Tukalitoa pia lile bloku la pili la TV, baiti 128 nyingine zinazotaja modi zote za 1080 na sauti, kwa kuweka sifuri kwenye baiti ya 126 inayohesabu bloku za ziada. Hili lina gharama na nilimwambia mjumbe mapema: bila bloku lile draiva inaichukulia skrini kama ya DVI, kiunganishi cha zamani cha picha, na sauti haitapita kwenye HDMI. Adhana inatoka kwenye spika za mnara kupitia mashine yake, hivyo hatukupoteza kitu.

## Matokeo

Kuwasha mara ya kwanza, hakuna kilichobadilika. Kwenye kumbukumbu za kerneli kulikuwa na mstari unasema faili halikupakiwa, kosa la -2, maana yake halipo. Lilikuwepo, tuliliona kwa macho. Ila draiva ya grafiki inaamka mapema sana, ikiwa bado ndani ya initramfs, kile kifurushi kidogo cha mwanzo wa buti, na kifurushi kile hakikuwa na faili letu. Tukaliingiza, tukakijenga upya. Safari hii kerneli ililiona na kulikataa: jumla ya ukaguzi si sahihi. Baiti zote 128 zikijumlishwa lazima zigawanyike kwa 256 bila kubaki, na kijana alisahihisha modi na baiti ya 126 lakini baiti ya mwisho kabisa aliiacha ya zamani. Akapiga hesabu kwa mkono kwenye karatasi, nami nikamwacha, akabadilisha baiti moja. Ikakubali.

Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi na picha imerudi kila mara, isipokuwa mara moja. Umeme ulirudi, kompyuta ikawaka haraka kuliko skrini, ikaona tundu tupu, ikaamua hakuna mtu. Tukaongeza neno la video lenye jina la tundu na herufi D, linaloilazimisha kerneli ichukulie kwamba tundu lina skrini ya dijitali hata kama haijibu. Hiyo ilikuwa siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Tarawehe ya kwanza ikasaliwa ubao ukiwa unawaka, na nukta za ta zikiwa mbili.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kutenganisha shida mbili zilizokuwa zimelaliana. Kebo mbovu ilikuwa inazuia jibu lisifike, na jibu lenyewe lilikuwa baya. Kama tungeenda moja kwa moja kwenye faili la EDID siku ya kwanza, faili lingetibu zote mbili kwa mkupuo na tusingejua kama kebo inaoza. Na hapa kuna udhaifu ambao bado uko pale: sasa kerneli haiulizi tena skrini, kwa hiyo kebo ikianza kuharibika upya ishara ya mapema hatutaiona, tutaona picha inachechemea tu. Nimemwelekeza muadhini aangalie konekta kila mwezi na kuzifuta, ni suluhisho la mkono, lakini kwa hewa ya Lamu ni la lazima hata bila kisa hiki.

Kilichoshindwa ni siku nilizotumia kuvuta herufi kwenye ukurasa. Ilikuwa kazi nzuri mahali pasipostahili. Nilikuwa najua skrini ni ya pikseli 360, nikaona kompyuta inatuma 1080, na badala ya kuuliza kwa nini inatuma 1080 nikaanza kuifidia. Swali la kwanza linatakiwa liwe faili la edid linasema nini, na kulisoma ni kazi ya dakika moja kwa programu ya edid-decode. Vilevile kutumia cvt kabla ya kuwa na karatasi ya paneli kulitupa skrini nyeusi ambayo ilimfanya mjumbe aamini skrini imekufa, na nilitumia jioni nzima kumtuliza.

Mtu anaweza kusema kwa nini draiva isiruhusu tu modi yoyote mtu anayotaka. Mimi nadhani draiva iko sahihi kuwa ngumu. Zamani kwenye VGA, grafiki za kompyuta za 1987, mtu alikuwa anagusa rejista, vijisanduku vya namba ndani ya chipu, moja kwa moja, kutoka ile modi maarufu ya 320 kwa 200 watu wakatengeneza 320 kwa 240, hata 360 kwa 480, na baadhi ya skrini za enzi zile zingeweza kuumia ukizipa kasi zisizoziweza. Tangu 2009, Linux ilipohamishia kazi ya kupanga modi ndani ya kerneli kwa kuanza na grafiki za Intel, kuna mahali pamoja panapoulizwa: hii kasi bomba la grafiki linaiweza, hii kioo kinaikubali? HDMI kwa mfano haishuki chini ya megahezi 25. Yetu ya 47.42 ilipita, lakini skrini ndogo ya 480 kwa 320 ingebidi kila pikseli irudiwe ili kufika hapo, na hilo ni lazima draiva ilijue. Kukataa kwake kunalinda.

Ila ugumu wa draiva una mipaka na historia yake inaonyesha. Laptopu nyingi zilikuwa na kioo cha 1366 kwa 768, na 1366 haigawanyiki kwa 8, kwa hiyo ile njia fupi ya EDID haiwezi kuitaja, na hesabu za cvt zinatoa 1368. Mamilioni ya vioo vilikuwa na upana usiotajika. Kerneli ikaamua kuelewa: ikiona 1368 kwa 768 kutoka kwenye hesabu hizo, inapunguza pikseli mbili na kuifanya 1366. Hiyo ni draiva iliyoamua kumwelewa mtu anayesema vibaya kwa sababu lugha yenyewe haina neno. Skrini yetu haikuwa hivyo. Lugha ilikuwa na neno, kipande cha baiti 18 kinaweza kuitaja 1920 kwa 360 bila shida yoyote, mtengenezaji hakulisema tu. Ndiyo maana naona ni haki kwamba tiba ilikaa kwetu, kwenye kompyuta ile moja, na haikuingia kwenye kerneli ya watu wote.

Jambo moja bado linanikera. Tiba yetu imefungwa kwenye jina la tundu. Wiki ya pili ya Ramadhani mtu alifagia stoo, akachomoa kebo, akairudisha kwenye tundu la pili la HDMI, na picha ikawa chapati saa moja kabla ya futari. Nilipiga simu, nikamwelekeza kijana arudishe tundu la kwanza, ikatengemaa. Tundu la pili sasa limezibwa kwa gundi ya karatasi, na faili la EDID tumelinakili kwenye flashi iliyofungwa kwa uzi nyuma ya skrini, pamoja na karatasi yenye maneno mawili ya mstari wa buti yaliyoandikwa kwa kalamu, ili siku kompyuta ile ikifa na mimi nikiwa baharini au Mombasa, atakayeletwa asianze kuvuta herufi.